Fundi wa Majani Makavu

Jina lake nalijua, na watoto wake wako hai, kwa hiyo sitalitaja. Mutsamudu nzima tulimwita Fundi wa Majani, na hilo linatosha. Wazazi wake na alikozaliwa sikuwahi kuuliza, kwa kuwa miaka ile niliyokuwa karibu naye nilikuwa msichana anayejiona anajua kila kitu. Ninachoweza kueleza ni mikono yake, maneno yake, uoga wake wa ng'ombe, na ubaya niliomfanyia. Huo ubaya ulimharibia jina mbele ya mji, na mtu pekee aliyeweza kumrudishia jina hilo nilikuwa mimi.

Kwetu Komoro fundi si mshonaji wala seremala tu. Fundi ni mwalimu, hasa wa Kurani, mtu ambaye watoto humbusu mkono. Kumwita fundi mtu anayeshinda na majani kichwani kulianza kama mzaha wa wanawake wachukuzi, na mzaha ukaganda. Mwalimu mmoja wa Kurani wa Mirontsy hakuupenda. Alipanda mlima mpaka shambani kumwambia kwamba cheo kile si cha kuchezea. Mzee alimkaribisha, akamkalisha juu ya robota la majani, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Fundi," akamjibu, "wewe wanafunzi wako wakikosea unawachapa. Mimi wangu wakikosea wanaungua, na mimi naungua nao. Sasa niache na jina langu, maana kazi yangu ina adabu kama yako."

Mwalimu alicheka, na tangu siku hiyo wakipishana sokoni alimwita mwenzangu.

Shamba lenyewe lilikuwa kilimani juu ya mji, mali ya kampuni ya Wafaransa waliokuwa wakikamua manukato ya mlangilangi. Chini ya miti na kwenye miteremko majani yalikuwa mengi, na mzee ndiye aliyekuwa mkuu wa kuyakata, kuyakausha, kuyafunga na kuyatunza. Alikuwa na sanduku la mbao lisilo na kifuniko, refu kama kitanda cha mtoto. Majani yalitiwa humo, watu wawili wakayakanyaga, yakafungwa kwa kamba za makumbi, sanduku likafunguliwa ubavuni, robota likatoka. Mengine yalibaki kwa ng'ombe wa kampuni. Mengine yaliteremshwa bandarini kwenda Moroni, kwa kuwa Ngazidja ni kisiwa cha mawe meusi, na mtu anayejiandaa na harusi kubwa ya ada alikuwa na ng'ombe wa kunenepesha miezi na miezi. Mzee alijivuna kwamba hakuna bwana harusi wa Moroni aliyechinja ng'ombe aliyekonda kwa sababu yake.

Wachukuzi walikuwa wanawake, wawili kwa kila robota, wakilining'iniza kwenye mti na kuubeba mabegani. Mama yangu alikuwa mmoja wao. Njia ilikuwa na utelezi, na mzee alisimama kwenye kona mbaya kuliko zote akisema, "Polepole, mabibi, majani hayana haraka, anayeyataka ni ng'ombe." Robota likianguka na kufumuka hakugomba. Kamba ikikatwa kwa kisu badala ya kufunguliwa fundo, hapo ndipo alipogomba, na ugomvi wake ulidumu wiki. Ninakumbuka mama akisema kwamba mzee yule angekusamehe ukimuulia mtoto lakini si ukimkatia kamba.

Kipimo chake kilikuwa ufito wa chuma, urefu wa mkono na nusu, uliong'aa kwa kushikwa. Aliuchomeka katikati ya robota, akasema bismillahi, akausahau kwa muda wa kutafuna tambuu. Kisha aliuchomoa na kuugusisha shavuni. Ukiwa baridi, robota liliingia ghalani. Ukiwa na joto, alitikisa kichwa. "Hili bado linapumua," alisema.

Neno hilo nataka lieleweke, kwa sababu ndilo nililomshitakia. Majani yakifungwa na unyevu ndani hayalali. Yanaanza kupata joto yenyewe, polepole, katikati ambako jicho halifiki, na joto likizidi yanashika moto bila ya kiberiti wala mkono wa mtu. Mzee hakuwa na maneno ya kitabuni ya kulieleza jambo hilo. Aliyaita majani mabichi yanayopumua, na yaliyokauka aliyaita yaliyolala. Yale ya katikati aliyanyunyizia chumvi ya mawe kati ya tabaka na tabaka, akayaacha nje chini ya kibanda, akayapima tena kesho yake na keshokutwa.

Moto aliuogopa kuliko alivyoogopa wakubwa. Hakuna aliyeingia ghalani bila kupekuliwa mifukoni. Aliwahi kumpekua meneja Mfaransa mbele ya wageni wake, akatoa kiberiti, akakiweka juu ya jiwe nje, akamwambia atakikuta akitoka. Kadhi mmoja alikuja kutazama ng'ombe, naye akapekuliwa, kwa heshima zote na kwa kuombwa radhi, lakini akapekuliwa. Yeye mwenyewe hakuvuta sigara maisha yake.

Sasa jambo la kuchekesha ni kwamba mtu huyu aliyelisha ng'ombe miaka yote aliwaogopa ng'ombe. Hakuwakaribia. Aliyasukuma majani kwa mti mrefu, uso ameugeuza, na ng'ombe akipiga chafya mzee aliruka nyuma. Wanawake walimwigiza njia nzima ya kurudi nyumbani. Alipoulizwa sababu alisema kwamba ng'ombe humtazama mtu kama anayetaka kumuuliza swali, na yeye hakusoma. Ni kweli hakujua kusoma. Lakini ghala lilikuwa na mamia ya marobota, na ukimwonyesha lolote angekwambia lilikatwa siku gani, mvua ilikuwa wapi siku hiyo, na nani na nani walilipandisha.

Mimi alinipenda, na si kwa ajili ya mama tu. Nyumbani tulikuwa tisa katika vyumba viwili, na nilipokaribia mitihani aliniambia nikasomee ghalani, upande wa dirishani, juu ya marobota yaliyolala. Alinipekua kila siku kama alivyomfanya kadhi. Nilifaulu mitihani nikiwa nanuka majani, na aliposikia alisema, "Basi shule hii ina wanafunzi wawili waliofaulu, wewe na robota la Jumatatu." Nilicheka mpaka machozi. Nayaandika haya na uso unaniwaka.

Uhuru ulikuja, na haukumaliza mwezi serikali ikapinduliwa. Baada ya muda nchi tukakabidhiwa sisi vijana. Asiyeyaona mambo yale hawezi kuamini. Makarani wa serikali walirudishwa makwao, majalada yao yakachomwa, na wanafunzi wa sekondari wakakaa kwenye viti vyao. Harusi za ada zilipigwa marufuku kwa kuwa zinafilisi watu. Uganga ulipigwa vita, na waliotuhumiwa walitembezwa mjini na vifaa vyao shingoni. Mengi katika yale niliyaamini, na baadhi yake nayaamini mpaka leo. Nilivua shiromani, lile vazi letu la kujifunika, nikavaa suruali, nikaacha kuwaamkia wazee kwezi na kungoja waitikie mbona, kama tulivyolelewa. Nilisema "ndugu" kwa kila mtu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa kamati iliponipa usimamizi wa shamba, ambalo sasa lilikuwa mali ya umma.

Mzee alinipokea vizuri. Aliponiita mwanangu nilimsahihisha: ndugu msimamizi. Akasema sawa, ndugu msimamizi, na akanipekua mlangoni.

Ugomvi ulitokana na ugeni. Tuliambiwa kwamba wakubwa kutoka Moroni wangepita Ndzuani, kisiwa chetu, kukagua mashamba, na mimi nilikuwa nimeahidi kwenye mkutano kwamba ghala letu lingejaa mpaka kwenye bati. Majani yalikatwa kwa wingi, halafu ikanyesha siku mbili mfululizo. Tuliyafunga hivyo hivyo. Mzee akachomeka ufito wake, akauweka shavuni, akatikisa kichwa.

"Yanapumua, ndugu msimamizi. Yafunguliwe yaanikwe upya. Siku nne."

"Wageni wanakuja baada ya siku mbili."

"Basi waone ghala lenye nafasi. Nafasi si aibu."

"Ni amri, ndugu."

Akanitazama mbele ya wachukuzi wote, mama yangu akiwemo, akasema bila ukali hata kidogo, "Mwanangu, jambo hili hulijui."

Wanawake wawili walicheka. Pengine walicheka jingine, lakini mimi nilikisikia kicheko kile usiku na mchana. Kesho yake nilikwenda mudiria, ofisi ya utawala wetu, nikasema kwamba shambani kuna mtu anayefanya uganga. Nilieleza kwamba anasema majani yanapumua. Kwamba anayanyunyizia chumvi na kuyasomea. Kwamba ana chuma anachokichomeka, kisha anakiweka usoni kusikiliza. Kila neno lilikuwa kweli, na wenzangu waliokaa mezani, watoto wa mjini wasiowahi kufunga hata tita la kuni, waliandika yote. Mimi peke yangu mle ndani nilijua maana ya kupumua.

Walimchukua asubuhi. Walimpaka unga wa muhogo usoni, wakamfunga ufito wake shingoni kwa kamba yake mwenyewe ya makumbi, wakamtembeza kutoka juu ya mji, katika vile vichochoro vya Mutsamudu ambavyo watu wawili hawapishani bila kugusana, mpaka bandarini. Kifuani alikuwa na kadibodi imeandikwa MCHAWI WA MAJANI. Mwandiko ulikuwa wangu. Nilikuwa na mwandiko mzuri, ndiyo maana nikaombwa, na nilirudia herufi ya kwanza mara mbili ili ikae sawa.

Sikwenda kutazama. Nilikuwa na kazi. Wakati yeye anatembezwa mimi nilikuwa mlimani nikiwaamuru wachukuzi waingize marobota yenye maji, wayapange nyuma kabisa, ukutani, na mbele yake wapange yale ya zamani yaliyolala. Niliwaambia kwamba atakayelitaja jambo hilo atatembezwa kama yeye. Mama aliutua mti wake kutoka begani.

"Mwenyewe alisema bado yanapumua," akasema.

"Mama, hayo ni maneno ya uganga."

Mama aliuinua mti, akabeba. Niliona jinsi alivyokuwa akiibana midomo na kutazama mbele.

Wageni walikuja, wakasimama mlangoni, wakaliona ghala limejaa mpaka kwenye bati, wakanisifu. Hawakukaa robo saa.

Mzee alirudi kazini siku ya tatu. Nilitegemea hasira, nikawa nimejiandaa na hotuba. Alikuja amevaa kofia safi, akaniamkia, akanipekua kama kawaida. Ufito wake ulibaki mudiria kama ushahidi. Alizunguka mbele ya safu, akaingiza mkono kati ya marobota hadi begani, akanigeukia.

"Ndugu msimamizi, kuna lililoingia nilipokuwa sipo?"

Alikuwa amesimama hatua mbili kutoka nilipo. Ningeweza kusema ndiyo. Tungeyatoa yale ya nyuma kwa siku moja, wageni wamekwisha ondoka, hakuna ambaye angejua. Lakini kusema ndiyo kulikuwa ni kukiri kwamba alitembezwa kwa kosa la kusema kweli.

"Hakuna," nikasema. "Yale mabichi tuliyafumua, tukawapa ng'ombe."

"Hata moja?"

"Nimekwambia hakuna."

"Alhamdulillahi. Basi ninayajua yote," akasema, akaenda kukaa kibandani kwake kutafuna tambuu.

Zilipita kama wiki tatu. Nilianza kusikia harufu tamu, harufu ya sukari inayoungua, na yeye aliisikia pia. Alipita kila pembe aliyoweza kuifikia, akaweka shavu kwenye marobota ya mbele, akapanda juu, akashuka. "Sielewi," alisema. "Haya yote yamelala. Labda pua yangu imezeeka." Nilimwambia labda. Nilimwambia hivyo, mimi, nikijua.

Ghala liliungua Ijumaa wakati watu wako msikitini. Yeye alikuwa ametangulia kurudi, alikuta moshi unatoka kwenye bati la nyuma, akaanza kuyatoa marobota peke yake. Tulipofika mikono yake ilikuwa imeungua mpaka kwenye viwiko na bado alikuwa anarudi ndani. Wanaume wanne ndio waliomshika. Kiangazi kilichofuata ng'ombe wa shamba walikonda mpaka wakahesabika mbavu, kisha wakachinjwa.

Mudiria walimuuliza. Niliketi upande wa wenye kuuliza. Nilidhani atajitetea, atasema amri, mvua, siku nne. Hakusema lolote katika hayo. Alisimama na mikono imefungwa vitambaa akasema, "Ghala lilikuwa mikononi mwangu. Yote yaliyokuwa ndani niliyapima mwenyewe. Kama yameungua, nimekosea kupima." Wenzangu walitaka kuandika kwamba mchawi amelipiza kisasi. Nilifanya hisani, au ndivyo nilivyoiita wakati huo: nikawashawishi waandike uzembe. Akafukuzwa kazi. Mjini watoto walimfuata wakipumua kwa nguvu, haa, haa, na jina la Fundi likafa. Wakamwita Mzee Moto.

Baada ya hapo alihamia Moroni kwa binti yake, mtaa wa Magoudjou. Serikali yetu ikaanguka, na waliokuwa kwenye kamati wakatafutwa, wengine wakapigwa. Mimi nilikimbilia Ngazidja vilevile, nikapata kazi ya kufundisha, nikaolewa Ikoni. Mama alikuja kunitembelea mara nyingi mpaka alipofariki, na habari ya ghala hakuitaja hata siku moja. Ningependa angenitukana.

Magoudjou haikwepeki kwa mtu wa Ikoni anayekwenda sokoni. Nilimwona mara ya kwanza amekaa barazani, mikono mapajani, ngozi yake imekunjamana na kung'aa. Niligeuza njia. Nilifanya hivyo miaka kumi na moja. Nilijua anatoka saa ngapi kwenda msikitini na anarudi saa ngapi, na nikazipanga safari zangu. Nilijiambia kwamba mzee amekwisha sahau, na kwamba kumkumbusha ni kumtonesha. Nilikuwa mwalimu, nilijua kujieleza.

Mwaka aliougua sana, binti yake alinijia shuleni. Akasema baba anakutaka, anawaita watu mmoja mmoja. Nilielewa. Kwetu mtu akiona safari imekaribia huwaita watu wakaombana radhi, asiondoke na haki ya mtu. Nilijua ameniita aniambie kwamba anajua. Na nilifurahi, wallahi nilifurahi. Katika teksi kutoka Ikoni niliyapanga maneno yangu kama somo: kwanza kadibodi, pili marobota ya nyuma, tatu lile neno "hakuna". Nilimwomba Mungu anipe nguvu ya kulifikia la tatu.

Alikuwa amelala kwenye kitanda cha kamba, mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Chumbani walikuwapo binti yake, mume wa binti, na majirani wawili wazee. Nilimwamkia, nikakaa kwenye mkeka. Nilifungua kinywa, naye akainua mkono ule ulioungua nisubiri.

"Mwanangu," akasema, "nianze mimi, pumzi zangu chache. Nilikuharibia. Ulikuwa mtoto, umepewa kazi kubwa, na ghala likaungua mikononi mwako kwa sababu yangu. Miaka yote nalala nayapanga marobota yale, moja moja, na siku zake. Nalitafuta lile nililolikosea. Sijaliona. Lakini lilikuwapo, maana wewe uliniambia hakuna jingine lililoingia, na wewe hukuwa mwongo. Mtu aliyesomea juu ya majani yangu." Akapumzika. "Walinitembeza, hilo nimewasamehe wote, walikuwa watoto. Ila deni langu kwako ndilo linalonizuia. Nisamehe."

Chumba kizima kiliningoja. Binti yake alikuwa ameshika ncha ya leso mdomoni, na wale wazee wawili walinitazama kwa upole, kama watu wanaomtazama mwenye haki. Maneno yangu matatu yalikuwa yote kinywani. Nilifikiri: nikisema, binti huyu atajua, majirani watajua, kesho Ikoni itajua, na wanafunzi wangu. Nikafikiri pia kwamba ni huruma, mzee afe kwa amani. Lakini hilo la huruma lilikuja la pili. La kwanza lilikuwa mimi.

"Nimekusamehe," nikasema.

Akafumba macho, machozi yakamtiririka kuelekea masikioni. "Alhamdulillahi," akasema, na tena, "alhamdulillahi." Alifariki siku ya tano.

Siku ile, kabla sijaondoka, binti yake alinishika mikono yote miwili akaniambia Mungu anilipe kwa moyo wangu mwema. Kisha akaniletea chai na mkate wa mayai, kwa kuwa nimetoka mbali. Niliketi pale pale kwenye mkeka, mbele yake, nikala na kunywa mpaka nikamaliza.